"Kwetu Wote Tunatoka Hivi": Jibu kwa Mwalimu Mwenye Hedhi Nzito

Swali: "Daktari, shikamoo. Nina miaka 36, ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro, nina binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6. Tangu nivunje ungo natokwa na damu nyingi nikiwa kwenye siku zangu, lakini miaka miwili hii imezidi. Nakaa siku 9. Siku ya pili na ya tatu navaa pedi mbili kwa mpigo na kipande cha kanga juu yake, na bado nalowanisha kiti cha darasani. Yanatoka mabonge kama vipande vya maini. Maumivu si makali, nikizidiwa nameza diklofenaki. Nachoka sana, nikipanda ngazi moyo unaenda mbio, na siku hizi natafuna mchele mbichi, sijui ni mazoea tu. Mama na dada zangu nao ndivyo walivyo. Mama anasema ni ya kwetu, ni damu chafu inatoka, nisihangaike. Jirani anasema ni chango. Mume wangu anasema nikatoe kizazi, watoto wawili wanatosha. Sikuwahi kuugua ugonjwa mkubwa, ila nilipong'olewa jino mwaka juzi damu ilichuruzika siku mbili, na nilipojifungua huyu wa pili damu ilinijia upya nikiwa nyumbani baada ya zaidi ya wiki, nikaongezewa chupa mbili. Je, huu ni ugonjwa au ni maumbile tu?"

Marahaba, mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nikasimama pale ulipoandika "sikuwahi kuugua ugonjwa mkubwa, ila". Hapo ukataja jino, ukataja damu ya uzazi, halafu ukapita. Umeyatupia mwishoni kama nyongeza, na mimi naona ndiyo barua yenyewe. Nitayarudia. Kwanza nijibu ulichouliza: hapana, haya si maumbile tu. Na kuniambia kwamba mama na dada zako nao wako hivyo hakuniondolei wasiwasi, kunaniongezea.

Tuanze na hilo neno "nyingi", maana linaponza wengi. Hakuna mwanamke anayeiona hedhi ya mwenzake. Anayoijua ni yake, ya mama yake kwa kusimuliwa, na ya dada aliyelala naye chumba kimoja. Nyumba nzima ikiwa inatokwa na damu nyingi, nyumba nzima itaiita kawaida, na yule mmoja anayemaliza siku nne kwa pedi kumi ndiye ataonekana ana kasoro. Mama mmoja aliwahi kuniletea binti yake kliniki kwa kuwa hedhi ya binti ilikuwa "haba". Binti alikuwa mzima kabisa. Mgonjwa alikuwa mama.

Kwa vipimo, hedhi ya kawaida hutoa wastani wa mililita 30 hadi 40 za damu, siku zote zikijumlishwa. Ikivuka 80 tunaiita nzito. Mililita 80 ni kama vijiko vikubwa vitano vya chakula na kidogo juu yake. Najua inaonekana ni kiasi kidogo, lakini damu ikishasambaa kwenye kitambaa kijiko kimoja huonekana bahari. Hedhi ya kawaida pia haipiti siku 8, na wewe uko kwenye 9.

Hakuna anayekinga hedhi yake kwenye kikombe cha kupimia, bila shaka. Mwaka 1990 madaktari wa Uingereza walichapisha njia ya kuhesabu kwa kuangalia pedi, na mpaka leo naipenda kwa sababu inahitaji daftari na kalamu tu, vitu ambavyo mwalimu hakosi. Pedi iliyoguswa tu na damu ipe alama 1. Iliyolowa kiasi, 5. Iliyolowa kabisa, 20. Bonge dogo alama 1, bonge kubwa 5. Jumla ya hedhi nzima ikizidi 100, hesabu kwamba umevuka zile mililita 80. Sasa chukua siku yako ya pili. Hukuniambia unabadilisha mara ngapi, lakini tuseme ni mara tano tu, na kila mara pedi ya juu imelowa chapachapa. Hizo tayari ni 100. Bado mabonge, bado pedi ya chini, bado kanga, bado siku nane nyingine.

Hata bila hesabu hiyo, madaktari wa leo wanakubali kipimo kingine chepesi zaidi: kama hedhi inakuharibia kazi, usingizi au safari zako, ni nzito na inastahili tiba, hata kama mililita hazijulikani. Kiti cha darasani kinatosha kuwa ushahidi.

Kuhusu damu chafu, nisamehe kwa mama, lakini hakuna kitu kama hicho. Damu ya hedhi ni ile ile iliyokuwa kwenye mishipa yako asubuhi, imechanganyika na utando laini wa ndani ya kizazi ulioandaliwa kwa ajili ya mimba ambayo haikuja. Haikutoka kusafisha chochote. Kila kinachozidi kiasi ni hasara, na hasara yenyewe inahesabika. Mililita 1 ya damu hubeba karibu miligramu 0.5 ya madini chuma. Mwanamke anayepoteza mililita 150 kwa mwezi ametupa kama miligramu 75, wakati chakula chote anachokula humwingizia miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, na sehemu kubwa ya hizo inaishia kufidia matumizi mengine ya mwili. Duka linalouza kwa hasara kila mwezi halifungwi siku ya kwanza. Linakula mtaji kwanza.

Ndiyo maana unatafuna mchele.

Mchele mbichi, barafu, udongo ule wa vijiti unaouzwa sokoni, hata chaki (na wewe chaki iko karibu): mwili uliopungukiwa na madini chuma hupata hamu ya kutafuna vitu ambavyo kwa kawaida mtu hali. Watu huifanyia utani, wengine husema ni mimba. Mimi kliniki mara nyingi huuliza habari ya kutafuna kabla ya kuuliza idadi ya pedi, kwa sababu la pedi mwanamke atalipunguza kwa aibu, ila la mchele atacheka na kuniuliza, "Daktari umejuaje?" Ukijumlisha mchele, uchovu na moyo unaokwenda mbio kwenye ngazi, nina hakika kiasi cha kutosha kwamba damu yako imeshuka. Jambo la kwanza wiki hii, kabla ya picha na kabla ya bingwa yeyote, ni kupima HB, yaani wingi wa damu. Hata kituo cha afya wanapima. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ni upungufu, chini ya 8 ni upungufu mkali. Kama unaweza kulipia kipimo cha ferritini, pima pia, kwa kuwa kinaonyesha akiba ya chuma iliyobaki ghalani. HB inaweza kusoma 12 na ghala likawa tupu.

Usishangae kwamba hakuna aliyekushtukia. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Katika nchi ambayo karibu nusu ya wanawake wamepungukiwa, kuchoka kunaitwa majukumu.

Sasa sababu. Mwaka 2011 Shirikisho la Kimataifa la Magonjwa ya Wanawake na Uzazi, FIGO, lilizipanga sababu za damu isiyo ya kawaida ya kizazi katika mafungu tisa: manne yanaonekana kwa picha au kwa darubini, matano hayaonekani. Nauthamini mpango huo kwa jambo moja. Unamkumbusha daktari kwamba akishaona uvimbe kwenye ultrasaundi kazi yake haijaisha.

Fungu linalowapata wengi wa umri wako ni fibroidi, ambao mtaani tunauita "uvimbe" tu. Ni nyama ya misuli ya kizazi iliyoota na kujiviringa, si saratani. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba wanawake Weusi zaidi ya 80 kati ya 100 huwa wameupata wafikapo miaka 50, na Wazungu karibu 70. Kwa hiyo ukipigwa picha ukaambiwa una fibroidi, usizimie. Uliza umekaa wapi. Ulio mdogo kama harage, ukiwa umechungulia ndani ya chumba cha kizazi, unaweza kumwaga damu kuliko wa ukubwa wa embe ulioning'inia nje ya ukuta. Nimeona wanawake wamebeba uvimbe mkubwa miaka kumi na hedhi yao ya siku nne, na wengine wamefikishwa wodini na HB ya 4 kwa uvimbe usiozidi sentimita mbili. Huu nao hufuata ukoo: ukiwa na mama au dada mwenye fibroidi, nafasi yako ya kuupata inapanda. Hali yako kuzidi miaka hii miwili inaniambia huenda kuna kitu kipya kimeota, na fibroidi ndiyo ninayoifikiria kwanza.

Ndugu yake wa karibu ni adenomayosisi, pale utando wa ndani ya kizazi unapopenya na kuingia kwenye misuli yenyewe. Kizazi kinavimba kizima, na hedhi huja na maumivu mazito, hasa kwa waliozaa na kuvuka miaka 35. Wewe unasema maumivu si makali, kwa hiyo naiweka nyuma kidogo. Polipu ni vinyama vidogo vya ndani, mara nyingi hutoa damu ya matone katikati ya mwezi. La nne ni saratani na mabadiliko yanayoitangulia. Saratani ya kizazi chenyewe ni adimu kwa umri wako, ila mwanamke aliyevuka 45, au mwenye uzito mkubwa na hedhi za kurukaruka, tunamchukua sampuli ya utando bila kusubiri. Saratani ya mlango wa kizazi ni habari nyingine, maana ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, na damu baada ya tendo la ndoa ndiyo kengele yake. Hukuitaja, lakini kama hujawahi kufanyiwa kipimo cha siki, ukiwa tayari umepanda kitanda cha uchunguzi omba wakufanyie. Ni dakika chache.

Katika yale yasiyoonekana, mengi nitayapita. Mayai kutopevuka kwa utaratibu huleta hedhi inayochelewa miezi kisha inafunguka kama bomba; ndiyo hali ya wasichana wa miaka ya mwanzo na wanawake wanaokaribia kukoma hedhi, na tezi ya shingo iliyolegea inaweza kufanya vivyo hivyo. Dawa za kupunguza ugandaji wa damu, na baadhi ya njia za uzazi wa mpango, nazo huchangia. Kitanzi cha shaba huongeza damu, hasa miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Sindano na kijiti huvuruga ratiba. Hukusema unatumia nini, mwambie daktari wako. Na mimba iliyoharibika hujificha ndani ya "hedhi nzito" mara nyingi kiasi kwamba kipimo cha mimba hufanywa kwa kila mwanamke, hata aliyefunga kizazi, hata anayeapa.

Nimebakiza fungu moja, na ndilo nililokuandikia jibu refu hivi.

Mwaka 1924 aliletwa Helsinki mtoto wa kike wa miaka mitano aliyeitwa Hjördis, kutoka visiwa vya Åland, kati ya Finland na Sweden. Alikuwa akitokwa damu ovyo, puani na mdomoni, na kwao dada zake wengine walikuwa wamekufa kwa kutokwa damu. Daktari aliyemshughulikia, Erik von Willebrand, akafuatilia ukoo mzima: katika watu 66 akakuta 23 wana shida hiyo, na tofauti na himofilia, ugonjwa mwingine wa damu isiyoganda unaowapata zaidi wanaume, hii iliwapata wanawake pia. Akachapisha habari zake mwaka 1926, na ugonjwa ukachukua jina lake. Hjördis alifika miaka 13. Alikufa kwa hedhi yake ya nne.

Ugonjwa wa von Willebrand ni upungufu au udhaifu wa protini moja ndani ya damu, inayofanya kazi ya gundi. Mshipa ukikatika, gundi hiyo ndiyo inayoshikisha chembe sahani, vile vijichembe vya damu vinavyoziba, kwenye jeraha mpaka tundu lizibe. Ikiwa pungufu, unaziba kwa kuchelewa. Wengi wanao wa kiwango chepesi na wanaishi maisha yao bila kuujua, mpaka pale mwili unapotakiwa kuziba jeraha kubwa: jino, upasuaji, uzazi. Na kwa mwanamke kuna jeraha linalorudi kila mwezi. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye hedhi nzito, karibu 13 wana ugonjwa huu. Si adimu hata kidogo. Adimu ni kuulizwa habari zake.

Sasa isome barua yako upya. Hedhi nzito tangu kuvunja ungo, kabla fibroidi haijapata umri wa kuota. Jino moja, siku mbili za damu. Damu ya uzazi iliyorudi baada ya zaidi ya wiki: wakati wa ujauzito kiwango cha ile protini hupanda chenyewe, kwa hiyo siku ya kujifungua mambo huenda vizuri na kila mtu hufurahi, kisha siku na wiki zinazofuata kinashuka, na mama anatokwa damu akiwa nyumbani, wakunga hawapo. Na mama yako, na dada zako. Mwalimu, "ni ya kwetu" inaweza kuwa kweli kabisa. Ugonjwa huu hurithiwa, kutoka kwa baba au kwa mama.

Somo hili mimi nililipia ada. Miaka mingi nyuma, nikiwa daktari kijana katika hospitali moja ya mkoa, nilimpasua mama wa umri kama wako kutoa fibroidi. Picha ilikuwa wazi, uvimbe ulikuwepo, nikautoa. Usiku ule tulimwongezea chupa nne. Kulipokucha, dada yake aliyekesha kwenye benchi la nje akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sisi kwetu damu huwa haikatiki." Sikuwa nimeuliza. Faili langu lilikuwa na vipimo vya uvimbe kwa sentimita, na halikuwa na mstari hata mmoja juu ya jino, pua wala uzazi. Yule mama alipona. Tangu siku hiyo swali la jino nalitanguliza mbele ya ultrasaundi.

Kwa hiyo kwa upande wako kuna mambo mawili yanayoweza kukaa nyumba moja: damu isiyoziba haraka tangu utotoni, na juu yake fibroidi au kitu kama hicho kilichoongeza moto miaka hii miwili. Ukitibu kimoja bila kujua kingine, unarudi palepale.

Hatua ya leo leo ni kuacha diklofenaki. Dawa hizo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, hulegeza kazi ya chembe sahani. Kwa mwanamke mwenye damu ya kawaida, ibuprofeni au asidi ya mefenamiki hupunguza damu ya hedhi na tunazitumia kwa kusudi hilo. Kwa mwenye tatizo la kuganda zinaweza kuongeza. Mpaka ujulikane uko upande gani, maumivu yatulize kwa parasetamoli.

Baada ya HB na kipimo cha mimba, nenda ukapigwe ultrasaundi, ile ya kuingiza kifaa ukeni ikiwezekana, kwa kuwa inaona chumba cha kizazi vizuri zaidi kuliko ya juu ya tumbo. Damu yako ihesabiwe chembe sahani na ipimwe muda wa kuganda. Hapa uwe macho: vipimo hivi vya kawaida vinaweza kurudi safi na ugonjwa ukawepo. Kinachohitajika ni kipimo cha protini yenyewe ya von Willebrand, kiwango chake na nguvu yake, pamoja na faktari ya 8, protini nyingine ya kugandisha damu. Hospitali nyingi za mikoa hazina. Muhimbili ina kliniki ya himofilia, na ndiko ningeomba rufaa yako ielekezwe. Usikubali kujibiwa "himofilia ni ya wanaume". Kipimo kikirudi cha kawaida mara ya kwanza, kirudiwe, maana kiwango hupanda mtu akiwa na ugonjwa, msongo, mimba, au akitumia vidonge vya majira.

Dawa ya kupunguza damu wakati unasubiri ipo, na kwa bahati njema inafaa kwa sababu zote mbili ninazozidhania. Inaitwa asidi ya traneksamiki, iligunduliwa Japani na mama Utako Okamoto na mumewe Shosuke, ikachapishwa mwaka 1962. Haina homoni. Inazuia bonge lililokwishaziba jeraha lisiyeyuke mapema. Kwa kawaida ni gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, mara tatu kwa siku, katika zile siku nzito tu, zisizidi 5. Hupunguza damu kwa karibu nusu. Aliyewahi kupata bonge la damu kwenye mguu au mapafu haimfai, mwenye ugonjwa wa figo hupunguziwa dozi, kwa hiyo iandikwe na daktari. Usiende duka la dawa na barua yangu mkononi.

Madini chuma uyaanze mara HB ikithibitisha. Vidonge vya FEFO wanavyopewa wajawazito vinafaa. Meza kwa maji ya limau au chungwa, na chai iwe mbali, kabla au baada kwa saa moja hadi mbili, kwa sababu chai hukamata chuma tumboni kabla mwili haujakichukua. Najua namwambia nani: mwalimu na chai ya saa nne. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Tumbo likisumbua, meza siku moja ruka moja, kinanyonywa vizuri tu. Endelea miezi mitatu baada ya HB kurudi mahali pake, ili ghala lijae. Kama unalima bustani pekupeku, omba na dawa ya minyoo, safura inanyonya damu kimyakimya. Na msomaji mwingine anayesoma hapa akiwa na selimundu asijipe vidonge vya chuma mwenyewe. Upungufu wake wa damu una njia nyingine.

Kuhusu mume wako, nimemwelewa, amechoka kukuona umelala. Lakini kutoa kizazi ni upasuaji mkubwa, na kwa mwanamke ninayemshuku tatizo la kuganda ni mlango wa mwisho, unaofunguliwa damu ikiwa imepimwa na dawa za kuiziba zikiwa mezani. Kabla yake kuna kitanzi cha homoni, ambacho si kile cha shaba. Kinatoa homoni kidogo kidogo ndani ya kizazi, utando unabaki mwembamba, na baada ya miezi kadhaa damu hupungua, mara nyingi kwa asilimia 80 hadi 90. Wengine hedhi hukatika kabisa, na hapo ndipo simu huanza: "Daktari, damu inabaki wapi?" Haibaki popote. Utando haukunenepa, hakuna cha kumwaga. Miezi ya mwanzo huleta matone yasiyo na ratiba, uvumilie. Shirika la Afya Duniani lilikiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, ingawa kwetu hakipatikani kila kituo. Uliza kabla ya kusafiri. Kikikutwa kimezuiwa na fibroidi iliyochungulia ndani ya chumba, huenda ikabidi iondolewe kwanza kwa kifaa kinachopita ukeni, bila kupasua tumbo.

Jirani yako simdharau. Chango ni jina la wazee la taabu za tumbo la uzazi, la tangu enzi ambazo hakuna aliyeweza kuona ndani. Tatizo langu ni kinachofuata baada ya jina: mizizi isiyojulikana, "dawa za kusafisha kizazi", na zile punje za kuingiza ukeni zinazouzwa kwenye simu kwa ushuhuda wa kila siku. Kizazi chako hakina uchafu, na punje hizo huunguza na kuleta maambukizi. Pesa hiyo inatosha HB na ultrasaundi.

Usisubiri miadi kama unalowanisha pedi nzima kila saa kwa saa mbili au zaidi, kama unazimia au unaona giza ukisimama, kama moyo unaenda mbio umekaa tu, au kama kuna uwezekano wowote wa mimba na unatokwa damu. Hiyo ni safari ya usiku ule ule, na ukifika hospitali sema kabla ya lolote: "Niliwahi kutokwa damu siku mbili baada ya kung'olewa jino, na mama na dada zangu wako hivi hivi." Sentensi hiyo iandike nyuma ya kadi yako ya kliniki, mume naye aijue.

Na usiende peke yako. Dada zako nao wahesabu pedi zao, na mama aulizwe uzazi wake ulivyokuwa. Yule mvulana, kama ametahiriwa, kumbuka kidonda kilichukua muda gani kukauka. Kama bado, tohara isubiri majibu yako. Binti ana miaka 11. Mpatie daftari sasa, mfundishe zile alama 1, 5 na 20 kabla hajazihitaji, na usimwambie kwamba kwenu wote ndivyo mlivyo.